Funda la kwanza baada ya siku tisa

Saa 12:00 asubuhi. Chai bado haijapoa, nimeshafungua orodha ya leo. Mgonjwa wa pili ni mzee mwenye saratani ya kongosho. Uvimbe umeuminya mwanzo wa utumbo mwembamba, kwa hiyo tumbo lake linapokea lakini halipitishi. Juzi alitapika maharage aliyokuwa amekula jana yake, yakiwa mazima. Rangi ya kijani ya nyongo haikuwamo, maana yake kizuizi kiko juu ya pale nyongo inapomwagikia.

Saa 1:30. Nampitia wodini. Mpira wa puani umeshatoa karibu lita mbili tangu jana, na hilo ndilo nililotaka kuliona. Ukimlaza mtu usingizi tumbo likiwa limejaa, vilivyomo vitapanda na kuingia mapafuni. Dripu ya potasiamu inaendelea. Kutapika kwa muda mrefu huondoa asidi na chumvi za mwili, na moyo haupendi hali hiyo.

“Sista, nikitoka humo nitakula?”

“Leo maji kwanza, mzee wangu.”

Binti yake ananifuata koridoni. Anataka kujua kama stenti, ule mrija wa wavu tutakaomwekea leo ili kushikilia njia wazi, itaitoa saratani. Nampeleka kwa daktari, naye anamjibu bila kuzungukazunguka: saratani haiguswi, inafunguliwa njia tu. Kuna pia upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo kwa kupita pembeni ya uvimbe, nao hudumu zaidi kwa mwenye nguvu na muda mbele yake. Baba yake hana nguvu hizo. Binti anaitikia kwa kichwa, kisha anauliza tena swali lilelile. Wengi huuliza mara mbili.

Saa 3:00. Mgonjwa wa kwanza. Alikuja kupimwa tu, akaondoka.

Saa 4:20. Mzee amelala, mpira wa kupumulia uko kooni. Kabla ya kuanza, daktari anamfunua kope tena: macho si ya manjano, yaani hakuna dalili kwamba njia ya nyongo imeziba. Stenti ikishaufunika mlango wa nyongo, kuufikia baadaye kwa kamera ni kazi ngumu, kwa hiyo swali hilo huulizwa sasa.

Kamera inafika kwenye uvimbe na kukwama. Tundu lililobaki ni kama la sindano ya kushonea magunia. Waya ndio utakaotangulia. Unagonga ukuta, unajikunja, unarudi. Dakika ishirini nzima nausukuma na kuuzungusha huku macho yangu yakiwa kwenye skrini ya eksirei, aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi ikinikata mabega. Mara unateleza na kupita. Tunapiga dawa ya rangi inayoonekana kwenye eksirei, tunapima urefu wa sehemu iliyobanwa, tunachagua stenti ndefu kuliko hiyo ili izidi pande zote mbili.

Stenti yenyewe ni wavu wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, uliobanwa ndani ya mrija mwembamba. Mimi ndiye ninayeuvuta ule mrija wa nje. Wavu huanza kufunguka upande wa mbali, na ukifunguka hufupika na kutaka kukimbilia mbele, ndiyo maana daktari anauvuta kurudi nyuma muda wote. “Vuta. Simama. Vuta.” Hapa ndipo mkono wangu unapoacha kuwa wangu. Wavu unachanua, katikati umebaki na kiuno. Kiuno hicho hakinitishi, kitaachia chenyewe kwa siku moja au mbili. Dawa ya rangi inateremka.

Saa 7:15. Nakula kwa kusimama.

Saa 9:00. Ameamka. Kila mara namgusa tumbo: likikaza kama ubao, au homa ikipanda, tutahofia utumbo umetoboka. Tumbo ni laini. Namweleza binti kuhusu chakula: vimiminika, kisha vilaini, atafune sana, mboga za majani mabichi na nyama yenye nyuzi zinaweza kuziba wavu. Namwambia pia kwamba uvimbe unaweza kuota kupitia matundu ya wavu, na ikitokea hivyo stenti nyingine huwekwa ndani ya hiyo. Anaandika kila neno nyuma ya bahasha.

Saa 11:10 jioni. Daktari ameruhusu maji. Siku ya tisa hii hajameza kitu kikabaki. Namwekea kijiko kimoja mdomoni. Anameza, anafumba macho, mkono umeshika beseni. Tunasubiri wote watatu, hakuna anayesema neno. Dakika tano. Kumi.

Analisukuma beseni kando. “Sista, kijiko hiki kidogo mno.”