Matambara ya Ebedmeleki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye Yeremia 38, pale nabii anapotupwa shimoni kwa kusema kweli. Kila nikifungua sura inayofuata nasoma mistari miwili, narudi nyuma. Sababu ninaijua. Mimi ndiye katibu wa kikao chetu, na mzee ninayemheshimu sana ameniomba, kwa upole kabisa, kwamba lile swali lililoulizwa kuhusu fedha za bati lisionekane kwenye muhtasari. "Mwanangu, tusiwape watu maneno." Nimemwamkia kila asubuhi tangu hapo, na kila asubuhi ananitazama akisubiri jibu.

Katika kuhangaika huko nimekuwa nikimfikiria mama mmoja wa Marekani, Hazel Brannon Smith. Alizaliwa Alabama mwaka 1914. Akiwa na miaka 22 tu alinunua gazeti la wiki katika mji mdogo wa Durant, jimbo la Mississippi, na mwaka 1943 akaongeza la mji jirani, Lexington Advertiser. Mhariri ni yeye, mchapishaji ni yeye, mwenye madeni ni yeye. Gazeti la mji mdogo linaishi kwa matangazo ya maduka ya pale pale, kwa hiyo anayekulisha ndiye huyo huyo unayepaswa kumwandika akikosea.

Msidhani alikuwa malaika. Miaka ya mwanzo aliunga mkono weupe na weusi kutengwa, kama majirani zake weupe. Ila alikuwa na jambo moja: sheria ni sheria kwa wote. Mwaka 1954 sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti ile, alimpiga kijana mweusi kwa rungu, akamwambia aondoke, na kijana alipokimbia akampiga risasi ya mguu. Hazel akawatafuta walioshuhudia, akaandika alichosikia, kisha akaandika kwamba sherifu hafai, ajiuzulu. Sherifu akamshtaki kwa kumchafulia jina, na baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola 10,000. Mahakama kuu ya jimbo ikaitengua hukumu hiyo mwaka uliofuata.

Hapo ndipo shida zake zilipoanza hasa. Mwaka huo huo wa 1954, Mississippi, lilikuwa limeundwa Baraza la Raia Weupe, chama cha weupe waliotaka weusi waendelee kutengwa. Hawa hawakuvaa vinyago. Walikuwa wenye benki, mawakili, wenye maduka, watu wa suti na tai, na wengi wao Jumapili walikuwa kanisani. Hawakuhitaji kumgusa. Waliwaambia wafanyabiashara wasitangaze kwake. Mumewe alikuwa msimamizi wa hospitali ya kaunti, akaondolewa kazini. Wakaanzisha gazeti jingine mji ule ule ili lake life.

Wapendwa, nisimame hapa kidogo, maana hapa ndipo Neno linaponichoma.

Wakuu wa Yuda nao hawakumchoma Yeremia kwa upanga. Walisema maneno yake yanaidhoofisha mikono ya watu wa vita, wakamshusha kwa kamba ndani ya shimo lisilo na maji, akazama katika matope. Na mfalme Sedekia? Aliwaambia tu, "Yumo mikononi mwenu." Mikono yake ikabaki safi, au ndivyo alivyojiambia.

Na sisi tunajua sana kumtupa mtu shimoni bila kumgusa. Mama ameuliza risiti ziko wapi. Mwezi unaofuata oda ya chakula cha semina inahamishiwa kwa mwingine. Mandazi yake yaliyokuwa matamu miaka yote ghafla yana mafuta mengi. Kwenye kundi la WhatsApp akiandika "Amen" hakuna anayemjibu. Mtoto wake anaondolewa kwenye kwaya kwa sababu ambayo haisemwi. Halafu tukikutana naye getini tunamwambia, "Tunakuombea, dada." Tunamwombea nini? Tumemfunga riziki kwa mkono wa kulia, na wa kushoto tumeuinua katika sifa! Torati ilishasema, "Usiandamane na mkutano kutenda uovu." Haikusema isipokuwa mkutano huo uwe wa kanisa. Anayesema kweli akiwa nje tunamshangilia, tunasambaza habari zake, tunasema Mungu awainue wengi kama yeye. Akiinuliwa ndani ya jumuiya yetu tunamwita mchochezi. Mimi muhtasari nitausoma kama kikao kilivyokwenda, na najua ni viti vipi vitasogezwa mbali na changu.

Lakini someni aliyemtoa Yeremia. Hakuwa kuhani, hakuwa nabii mwenzake. Ni Ebedmeleki Mkushi, mtumishi mweusi wa nyumba ya mfalme. Akaenda mwenyewe kwa mfalme, akapewa watu thelathini, na kabla ya kuteremsha kamba akatafuta matambara na nguo kuukuu, akamwambia Yeremia aziweke kwapani ili kamba isimkate. Hilo la matambara linanitoa machozi. Na huko Mississippi, wahariri wa miji mingine walimchangia Hazel, lakini hata watu weusi wa kaunti ile, ambao wengi wao walikuwa maskini wa mashambani, walikusanya senti zao wakampelekea. Naye aliendelea. Mwaka 1963 nyumba ya mkulima mweusi, Hartman Turnbow, ilirushiwa moto usiku baada ya yeye kwenda kujiandikisha kupiga kura, na sherifu akamkamata Turnbow huyo huyo eti kaichoma mwenyewe. Hazel aliandika wazi kwamba hiyo ni aibu.

Mwaka 1964 alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi wa habari Marekani, kwa tahariri zake, mwanamke wa kwanza kuipata katika fungu hilo. Ofisi ya gazeti lake jingine, mjini Jackson, ililipuliwa kwa bomu mwaka huo huo. Tuzo haikulipa madeni. Mwaka 1985 magazeti yakafungwa, nyumba yake ikaenda, na alifariki mwaka 1994 huko Tennessee akiwa hana kitu. Mungu hakumwahidi kwamba wenye maduka watarudi.

Wa kwetu waliotengwa kwa kusema kweli bado wako hai, mnawajua kwa majina. Mwenye duka, nunua sukari kwake. Fundi, mpelekee kitambaa. Na kama unadaiwa naye, mlipe wiki hii, tena usiende usiku kama Nikodemo. Nenda mchana, dukani, wakikuona.