Sauti Iliyotangulia Mdomo

Mwaka 2021 nilikuwa kwenye kikundi kidogo cha vijana wa kompyuta, tumepanga vyumba viwili Sinza, Dar es Salaam, tunafundisha modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ya kupima kama sauti na midomo kwenye video vinakwenda sawa. Kampuni moja inayotia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki ilitaka programu ya kuchuja vipande vibovu kabla havijamfikia mhariri. Kipande kikikataliwa, mwigizaji wa sauti anaitwa arudie kurekodi. Kwa hiyo alama zetu ziligusa jasho la watu, na hilo nililifikiria kila siku.

Tulianzia kwenye SyncNet, kazi ya Joon Son Chung na Andrew Zisserman wa Chuo Kikuu cha Oxford, iliyotoka mwaka 2016. Naipenda kazi ile mpaka leo. Inachukua fremu 5 za mdomo, yaani picha 5 za video zinazofuatana, sawa na sehemu ya tano ya sekunde, pamoja na sauti ya urefu huohuo. Kila kimoja inakigeuza kuwa safu ya namba, kisha inapima umbali kati ya safu hizo mbili. Ilijifunza kwa mamia ya saa za video za BBC bila mtu kuketi kuziwekea alama: jozi halisi inavutwa karibu, jozi iliyosogezwa makusudi inasukumwa mbali. Nasi tukafuata njia hiyo kwa wasemaji wa Kiswahili, tukisogeza sauti fremu moja moja, milisekunde 40 kila hatua. Alama ya ubora ikawa ni umbali kutoka sifuri, pale sauti na mdomo vinapokwenda pamoja kabisa. Sauti iwahi fremu 3 au ichelewe fremu 3, alama ni ileile.

Jumamosi moja tukawaita watu watazame na kutoa alama zao. Walikuja wanafunzi, mama lishe wa jirani, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi mitambo kwenye televisheni. Kipande cha kwanza kilikuwa cha dada anayesema, "Mama amepika pilau na mbaazi." Sentensi ile inafunga midomo karibu kila hatua. Ukisimamisha picha kwenye "p" ya pilau, unaona midomo imebanwa mpaka imepauka, halafu inaachia. Sauti ikiwahi, ile "p" inapasuka mdomo ukiwa bado haujafumba.

Mama lishe alivua hedifoni. "Huyu anasema kabla hajasema," akalalamika, akaipa 1 kati ya 5. Ile iliyochelewa kwa kiasi hichohicho akaipa 4. Wenzake nao hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine.

Mwenzetu mmoja akaninong'oneza, "Dada, hawa hawako makini. Tuwatoe." Nikakataa. Watu wote wale hawawezi kukosea upande mmoja.

Mzee alikuwa amesikia. "Kijana, umewahi kumwona mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde? Shoka linatua, ndipo mlio unakufikia. Umeshasikia mlio kabla shoka halijatua?"

Hesabu yake iko wazi: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliye mita 34 mbele yako sauti yake inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na masikio yameizoea hali hiyo tangu utotoni. Ndiyo maana pendekezo la mwaka 1998 la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linasema mtazamaji hugundua sauti iliyowahi kwa milisekunde 45 tu, lakini iliyochelewa mpaka zifike kama 125. Mzee aliyajua hayo kazini. Mitambo ya kidijitali huchukua muda mrefu zaidi kuchakata picha kuliko sauti, alisema, na fundi asipoichelewesha sauti makusudi, itaitangulia picha.

Mchana tukaweka vipande vya tamthilia, na hapo nikajifunza zaidi. Modeli ilivipa karibu vyote alama duni, maana mdomo ulikuwa wa Kituruki. Watazamaji hawakuwa wakali hivyo. Irabu za katikati waliziachia zipite. Walichokataa ni mdomo kufumba kabisa huku sauti inasema "aaa", au mdomo kuendelea kwenda wakati sauti imeshanyamaza. Mwigizaji aliyeanza na kumaliza pamoja na mdomo walimpenda, hata maneno ya katikati yakipishana.

Yuleyule aliyetaka tuwatoe watazamaji ndiye aliyeketi usiku kuandika upya programu ya mafunzo. Tukaacha kuhesabu umbali kutoka sifuri. Mtazamaji akawa anaonyeshwa vipande viwili achague kilicho bora, na modeli ikajifunza kutokana na chaguo hilo. Vipande vingi vya waigizaji vilivyokuwa vimekwama vikapita, na vile ambavyo sauti iliwahi, ambavyo awali vilikuwa vinapenya, vikarudishwa kwa fundi asogeze sauti, bila mwigizaji kuitwa tena studio.