Una hukumu ya dawa za kulevya na unataka kwenda likizo ng'ambo? Anzia mahakamani

Kabla hujalipia tiketi, nenda mahakama iliyokuhukumu uchukue nakala ya hukumu iliyothibitishwa, uitafsirishe rasmi ikibidi. Afisa wa viza anataka kuona kosa lenyewe (kutumia, kukutwa nazo au kuuza), adhabu uliyopewa, na tarehe uliyomaliza kuitumikia. Kama kifungo cha nje hakijaisha, omba kwanza ruhusa ya kusafiri kwa maandishi.

Marekani ndiyo inayowanasa wengi. Sheria yake humzuia mgeni kwa hukumu yoyote ya dawa za kulevya, hata kama ni msokoto mmoja wa bangi uliokwisha kwa faini miaka mingi iliyopita. Kufutiwa rekodi nyumbani kwa kawaida hakukuokoi, maana DS-160, fomu ya kuombea viza ya Marekani, inauliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa hata kama ulisamehewa baadaye. Usihangaike na ESTA, kibali cha mtandaoni cha kuingia Marekani bila viza. Omba viza ubalozini, eleza kosa, na kwenye mahojiano mwombe afisa akupendekezee msamaha wa muda, yaani ruhusa ya kuingia licha ya hukumu. Jibu lake linaweza kuchukua miezi, basi anza mapema. Na angalia njia ya ndege: ukibadilisha ndege Marekani kuelekea nchi nyingine, bado unapita uhamiaji wao. Watu wamekwama hapo wakati Marekani yenyewe hawakuwa na haja nayo.

Japani nayo ni ngumu vilevile. Hukumu ya dawa za kulevya kutoka nchi yoyote ni sababu ya kukataliwa, na sheria haitaji miaka ya kusubiri. Mwaka 1994 Diego Maradona alinyimwa viza kwa historia yake ya dawa za kulevya, na Argentina ikafuta ziara ya timu nzima.

Kanada inakupa hesabu ya kushika. Ikipita miaka 5 tangu umalize adhabu yote, unaweza kuomba kutambuliwa kuwa umejirekebisha. Kabla ya hapo, omba kibali cha muda. Kosa hupimwa kwa sheria ya Kanada, na kwa kuwa bangi iliruhusiwa huko mwaka 2018, hukumu ya kukutwa na bangi kidogo huenda isikuzuie tena. Ya kuuza ni habari nyingine: hata ipite miaka mingapi, haijifuti yenyewe.

Uingereza na Australia huangalia sana urefu wa kifungo, na mpaka mkubwa ni miezi 12. Kinachohesabiwa ni kifungo kilichotamkwa, si siku ulizokaa ndani. Australia hujumlisha hata vifungo vya makosa tofauti.

Ukishawishika kuficha, pima gharama yake. Kanada hukuzuia kuingia kwa miaka 5, Uingereza inaweza kufika 10, na Marekani ni maisha. Hukumu ambayo pengine ingesamehewa inageuka kuwa kesi ya uongo, na hiyo ni ngumu zaidi kuitetea.