Asidi niliyokatazwa ndiyo iliyoifaa kafeini yangu

Nilipotaka kuikinga kafeini na unyevu kwa kuiunganisha na asidi, niliambiwa niachane na asidi ya oksaliki. “Asidi inayopenda maji itazaa kokristali inayopenda maji,” nikaelezwa, bila chembe ya shaka. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Kokristali ni fuwele mpya kabisa. Molekuli za dawa na za asidi zimeshikana humo kwa mpangilio wao wenyewe, kwa hiyo huwezi kuikisia tabia yake kwa kumtazama mzazi mmoja.

Mwenye tatizo alikuwa kafeini. Hewa ikijaa unyevu, hunywa maji na kugeuka hidrati, yaani fuwele iliyobeba maji ndani yake.

Nikasaga kafeini na asidi ya oksaliki kwa kinu na matone machache ya methanoli, kisha nikaiweka poda kwenye chupa iliyofungwa, juu ya mmumunyo wa potasiamu salfeti. Kwa nyuzi 25 chumvi hiyo hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 97, ilimradi uione punje isiyoyeyuka chini muda wote. Siku chache tu, mchoro wa eksirei, ambamo kila fuwele huwa na vilele vyake, ukaonyesha vilele vya hidrati ya kafeini. Walionikataza wakaona wameshinda.

Sikukubali. Nilirudi kwenye mchoro wa siku ya kwanza, kabla poda haijaingia chupani, nikaukagua kilele kimoja kimoja. Vilele vidogo vya kafeini tupu vilikuwamo tayari! Kumbe iliyogeuka hidrati ni kafeini iliyokosa mwenzi tangu mwanzo. Nikaisoma upya lebo ya asidi: dihidrati, yaani kila molekuli ya asidi imebeba mbili za maji, ambayo nayo huongeza uzito. Kokristali hii hutaka molekuli mbili za kafeini kwa moja ya asidi. Kwa miligramu 388 za kafeini nilikuwa nimepima 90, kipimo cha asidi kavu, ilhali dihidrati inadai 126. Zaidi ya robo ya kafeini ilibaki peke yake. Tafadhali someni lebo kabla ya kushika mizani.

Niliposaga upya kwa kipimo sahihi, wiki saba zilipita na mchoro haukubadilika. Furaha niliyoipata sijui niieleze vipi. Pembeni nilikuwa nimeweka kokristali ya kafeini na asidi ya maloniki, makusudi, nijue kama chupa zangu zina unyevu kweli. Hiyo ilivunjika, kafeini ikatoka kama hidrati. Juu ya mmumunyo wa chumvi ya kawaida, kwenye unyevu wa asilimia 75, zote mbili zilikuwa zimetulia; anayeishia hapo ataziona sawa.