Injini nimeifunga upya, haiwaki: kosa lilikuwa kwenye distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme)

Injini ya 4K (cc 1290) ya Corolla yangu niliifunga mwenyewe uani: ringi, beringi na gasketi mpya. Mara yangu ya kwanza. Jioni, kwa winchi ya kuazima na shemeji akiielekeza kutoka chini, ikakaa kwenye maunti (vishikio vya injini). Nikapiga stata: tuf! Moto ukatokea mdomoni mwa karbureta. Nyusi zitaota tena.

Cheche zipo, petroli inafika. Siku 2 nzima nikailaumu karbureta bure.

Siku ya 3 nikachomoa plagi ya silinda namba 1, nikaziba tundu kwa kidole, nikazungusha krenki taratibu kwa spana. Upepo ulipokisukuma kidole, yaani pistoni inakandamiza, nikalinganisha alama ya puli, nikafungua kifuniko cha distribyuta. Rota, mkono unaozunguka ndani yake, ilitazama namba 4 badala ya 1! Krenki huzunguka mara 2 distribyuta ikizunguka 1. Nilikuwa nimeifunga distribyuta wakati pistoni ya namba 1 iko juu kwa kutoa moshi, siyo kwa kukandamiza.

Nikaichomoa, nikairudisha nikianzia nyuma kidogo, maana meno yake yamelala na rota hujizungusha inapozama. Waya za plagi zikafuata mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Stata moja tu, ikawaka.