Ndoo moja, kilokalori mbili
Maji yamekatika tena huku Mabatini, Mwanza. Nimepandisha ndoo ya lita 20 kutoka barabarani, kimo kama mita 50 kwenye yale mawe yetu. Nimefika nahema, jasho machoni.

Nikapiga hesabu: kilo 20 za maji, mara 9.8 ya mvutano wa dunia, mara mita 50, nikapata jouli (kipimo cha nishati) 9,800. Kilokalori moja ni jouli 4,184. Kumbe nishati tuli, yaani ile inayotokana na kimo, niliyoipa ndoo ni kilokalori mbili na ushee! Nikijijumlisha na kilo zangu 70, hazifiki 11. Mwili nao hupoteza karibu robo tatu kwa joto, basi tuseme nimechoma 40.

Chai yangu ina vijiko vitatu vya sukari. Kila kijiko, kilokalori 16. Jamani!

Halafu mtoto kaipiga ndoo teke. Nishati tuli yote ikawa ya mwendo, ikateremka kwa jirani.