Nilivyotambua na kupima beringi za injini ya Land Rover 109

Pikapu yangu ni Land Rover 109 ya Series III, yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa lita 2.25, na kazi yake kubwa ni kubeba mbolea na mahindi katika barabara za vijijini mkoani Iringa. Injini ilianza kugonga kila nilipopunguza mafuta baada ya kupanda mlima, na taa ya oili ikawa inawaka na kuzima kila injini ilipokuwa ya moto na inazunguka taratibu. Nilichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Nilipochomoa waya wa silinda ya tatu, kugonga kule kulipungua waziwazi, jambo lililonionyesha kwamba hitilafu iko kwenye beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya silinda hiyo.

Ushauri nilioupata kwa wengi ulikuwa ninunue seti ya beringi za 010 (nene kidogo, za krankishafti iliyochongwa ikapungua inchi 0.010), kwa sababu injini iliwahi kufunguliwa na ndizo zilizofungwa wakati ule. Sikuukubali. Alama iliyogongwa mgongoni mwa beringi inaeleza kile ambacho fundi wa mwisho alikifunga, wala haielezi hali ya krankishafti yenyewe, na beringi isiyolingana na shingo yake, yaani sehemu ya krankishafti inayozunguka ndani yake, huweza kuua injini nzima katika safari moja yenye mzigo.

Baada ya kumwaga oili na kufungua sampo (bakuli la oili chini ya injini), kitu cha kwanza nilichokitazama ni idadi ya beringi kuu, zile zinazoishikilia krankishafti kwenye injini. Injini hizi za lita 2.25 zilitengenezwa zikiwa na beringi kuu tatu hadi mwaka 1980, ndipo zikaanza kutoka na tano, na krankishafti zake haziingiliani. Kadi ya gari haitoshi kukujulisha, kwa kuwa Land Rover nyingi za umri huu zimekwisha kubadilishiwa injini. Yangu ilikuwa na vifuniko vitatu, hivyo nikajua ni seti ipi ya kuulizia dukani.

Kabla ya kulegeza kifuniko chochote cha konrodi nilikiwekea alama ya namba na ya upande, kwa maana kila kifuniko kilichongwa pamoja na konrodi yake na hakifai kuhamia kwingine. Beringi za silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa zimechakaa kwa kadiri, zikiwa na alama ya 010. Za silinda ya tatu nazo ziliandikwa 010, lakini rangi ya shaba ilikuwa imejitokeza mahali ambapo tabaka laini la juu lilikuwa limeliwa, na nyuma yake palikuwa na ukanda wa bati jembamba uliowekwa ili kuziba nafasi. Bati la namna hiyo huzuia joto lisitoke kwenye beringi na huifanya isikae sawasawa katika kiti chake. Mtu anayelitumia anaahirisha tu uharibifu na kumwachia mwenye gari gharama kubwa zaidi.

Vipimo vya asili vya krankishafti hii ni inchi 2.5 kwa shingo kuu, yaani milimita 63.5, na inchi 2.312 kwa shingo za konrodi, yaani takriban milimita 58.72. Shingo iliyochongwa kwa 010 hupungua inchi 0.010, au milimita 0.254, kwa hiyo shingo ya konrodi inatakiwa isomeke karibu na 58.47, na ikichongwa kwa 020 isomeke karibu na 58.22. Maikromita ya milimita 50 hadi 75 inazitosha shingo zote mbili. Niliazima moja, nikaihakiki kwa kile kifimbo chake cha milimita 50, kisha nikaiacha ilale pamoja na krankishafti iliyokwisha kutolewa na kuoshwa, ili asubuhi vyote viwe na joto moja.

Kila shingo niliipima sehemu nne: karibu na ncha zote mbili, na katika kila ncha mara mbili kwa pembe ya digrii 90, nikikwepa tundu la oili. Tofauti kati ya pembe hizo mbili huonyesha kama shingo imekuwa yai, na tofauti kati ya ncha huonyesha kama imechongoka upande mmoja. Shingo kuu zote zilisomeka karibu sana na 63.24, na tofauti zake hazikufika milimita 0.01, hizo zilikuwa bado nzuri kwa 010. Shingo ya tatu ya konrodi ilisomeka 58.46 upande mmoja na 58.41 upande mwingine. Beringi mpya za 010 zisingeweza kuiponya hata kidogo.

Nilisafiri na krankishafti hadi kwa fundi mchongaji mmoja jijini Dar es Salaam. Yeye naye aliipima upya kabla ya kuniambia neno. "Kijana wangu, konrodi zote nne tuzishushe hadi 020, meni tuziache," alisema, akimaanisha shingo za konrodi na shingo kuu, nami nikamwomba ahifadhi ule mviringo mdogo kwenye kona za shingo, kwa sababu kona iliyochongwa kali ndipo ufa unapoanzia. "Hilo ondoa shaka, mwanangu."

Beringi mpya nilizipima pia, licha ya maandishi ya boksi. Kwa kuwa kipande cha beringi kimepinda kwa ndani, nilibana goroli ndogo ya chuma kati yake na maikromita, kisha nikatoa kipenyo cha goroli kwenye jumla. Inafaa kukumbuka kwamba beringi ya 020 ni nene kuliko ya stendadi, na kila nusu imeongezwa inchi 0.010 tu, kwa kuwa nusu mbili hugawana pengo.

Uthibitisho wa mwisho niliufanya kwa Plastigage, uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi kati ya beringi na shingo. Nilifuta oili yote, nikalaza kipande cha uzi huo juu ya shingo, nikakaza kifuniko kwa spana ya toki kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini bila kuzungusha krankishafti, kisha nikafungua na kulinganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichochapwa kwenye bahasha yake. Konrodi zote nne zilionyesha takriban milimita 0.05, zikikubaliana na kanuni ya zamani ya mafundi ya sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo. Mchezo wa krankishafti kwenda mbele na nyuma, unaozuiwa na washa za beringi kuu ya katikati, niliupima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) nikapata milimita 0.10.

Niliizungusha injini kwa stata plagi zikiwa nje hadi taa ya oili ilipozima, ndipo nikarudisha plagi na kuiwasha injini. Vipimo vyote nimeviandika kwenye karatasi inayokaa pamoja na kadi ya gari, na mchongaji amegonga alama za 020 na 010 kwenye ubavu wa krankishafti yenyewe.